Barua ya wazi kwa viongozi wa Nyanda za Juu Kusini: dawa za presha za wazee zipatikane zahanati ya kijiji, kabla kumbukumbu haijaondoka

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe;
Waganga Wakuu wa Mikoa na wa Wilaya;
Wakurugenzi Watendaji na Waheshimiwa Madiwani wa halmashauri zote za mikoa hiyo.

Nakala: Wizara ya Afya, Ofisi ya Rais, TAMISEMI, Bohari ya Dawa.

YAH: MATIBABU YA SHINIKIZO LA JUU LA DAMU KWA WAZEE ILI KUZUIA UGONJWA WA KUPOTEZA KUMBUKUMBU

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita katika zahanati na vituo vya afya vya wilaya za Mufindi na Rungwe, mahali ambapo muuguzi mmoja ndiye mpokeaji, ndiye mtoa dawa, ndiye mwandishi wa taarifa za mwezi, na siku ya chanjo ndiye mbeba kasha. Naandika kuomba jambo moja, nalo ni hili: kila mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea aliyethibitika kuwa na shinikizo la juu la damu apate dawa zake bure katika zahanati ya kijiji chake, presha ikishatulia apewe dawa za miezi mitatu kwa mara moja, na asipotokea siku yake, atafutwe nyumbani, kama tunavyomtafuta anayetumia dawa za kufubaza Virusi vya Ukimwi. Sababu za moyo, figo na kiharusi mnazijua na sitazirudia. Mimi nataka kusema habari za ubongo, kwa kuwa ndipo tunapopoteza wazee wengi wakiwa bado hai, na mipango yetu ya afya haiwazungumzii sana.

Huku kwetu mzee akiuliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa, tunasema ni uzee. Akitoka asubuhi kwenda katika shamba alilolilima maisha yake yote, akapatikana jioni kijiji cha tatu akiwa na jembe begani, tunasema ni uzee. Akimshutumu mkwewe kwamba amemwibia fedha ambazo yeye mwenyewe alizifukia chini ya godoro, tunasema mama amekuwa na maneno. Na akikutwa usiku wa manane amesimama nje ya nyumba ya jirani, asijue amefikaje pale, yapo mambo yanayosemwa ambayo ninyi mlio katika kamati za ulinzi na usalama mnajua vizuri yanaishia wapi. Hali hiyo ni ugonjwa wa ubongo, na madaktari huuita demensia. Si hatua ambayo kila mtu lazima aipitie. Wapo wenye miaka tisini wanaokumbuka madeni ya kijiji kizima. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dhana kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu waishio miaka mingi imepitwa na wakati.

Uhusiano wake na presha si wa kubahatisha. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili, na damu inayoibeba huufikia kwa mishipa ambayo kadiri inavyoingia ndani huwa myembamba kuliko unywele. Viongozi wa mikoa yenye milima mnaijua miradi ya maji ya mserereko: mkijenga bomba kutoka kilele hadi bondeni bila tangi la kupunguza msukumo njiani, viungio vya chini ndivyo vinavyopasuka kwanza. Mishipa midogo iliyo katikati ya ubongo hupata msukumo wa namna hiyo mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Kuta zake hukakamaa na kunenepa, njia ya ndani husinyaa, mingine huziba na mingine huvuja matone ya damu. Kila panapoziba, kipande kidogo cha ubongo hufa. Mara nyingi mgonjwa hahisi lolote. Hapoozi mkono wala mdomo haupindi. Vipande hivyo vikiwa vingi, ndipo mtu huanza kuchelewa kufikiri, kushindwa kupanga mambo, kubadilika tabia na hatimaye kusahau. Presha huchangia pia kwa wale wenye ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio aina ya demensia inayopatikana zaidi, kwa sababu wazee wengi hubeba madhara ya aina zote mbili katika ubongo mmoja.

Swali ambalo mhasibu wa halmashauri ataniuliza, na ana haki ya kuuliza, ni kama kuishusha presha kwa dawa kunazuia demensia kweli, au ni dhana nzuri tu. Kwa muda mrefu majibu yalikuwa nusunusu. Mwaka 1998 utafiti wa Ulaya uitwao Syst-Eur, uliofanywa kwa watu wa miaka 60 na zaidi, ulionyesha kwamba demensia ilipungua kwa nusu kwa waliopewa dawa, lakini walioupata ugonjwa katika makundi yote mawili walikuwa wachache mno kiasi kwamba wataalamu wengi hawakutaka kuuegemea peke yake. Mwaka 2019 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa SPRINT MIND, uliohusisha watu zaidi ya 9,300 wenye miaka 50 na kuendelea: waliotibiwa hadi namba ya juu ya presha ikawa chini ya 120 walipata upungufu wa kumbukumbu unaotangulia demensia kwa kiwango kilicho chini kwa asilimia 19, wakilinganishwa na waliolengwa kuwa chini ya 140. Demensia yenyewe ilionekana kupungua pia, ila matibabu ya utafiti huo yalikuwa yamekatishwa mapema kwa sababu faida kwa moyo ilikuwa imeshakuwa dhahiri, na tofauti iliyopatikana haikutosha kuthibitisha.

Utafiti ambao ningependa kila mmoja wenu ausome ni wa vijijini nchini China, uliochapishwa mwaka 2025, kwa sababu unatuhusu kuliko ule wa hospitali kubwa za Marekani. Vijiji 326 viligawanywa kwa kura. Katika nusu ya vijiji, watu waliendelea na matibabu ya kawaida. Katika nusu nyingine, matabibu wa vijiji, ambao si madaktari wenye shahada, walifundishwa kufuata mwongozo rahisi wa hatua kwa hatua: pima, anzisha dawa, pima tena, ongeza dawa kama namba haijashuka chini ya 130/80, mshauri mgonjwa kuhusu chumvi, pombe na uzito, na usimamiwe na daktari aliye ngazi ya juu. Dawa zilitolewa bure au kwa bei iliyopunguzwa, na wagonjwa walipewa vipima presha vya kutumia nyumbani. Waliofuatiliwa walikuwa karibu 34,000, wote wakiwa na miaka 40 na kuendelea. Baada ya miaka minne, wastani wa presha katika vijiji vilivyopata huduma hiyo ulikuwa takriban 128 kwa 73. Katika vijiji vingine ulibaki takriban 148 kwa 81. Demensia ilikuwa pungufu kwa asilimia 15, na upungufu wa kumbukumbu usiofikia demensia ulikuwa pungufu kwa asilimia 16. Madhara makubwa ya kiafya hayakuwa mengi zaidi kwa waliopewa dawa nyingi.

Asilimia 15 si muujiza, na sipendi mtu aitangaze jukwaani kana kwamba ni tiba. Lakini demensia haina dawa ya kuiponya. Kinachosemwa hapa ni kwamba vidonge ambavyo tayari tunatakiwa kuwapa wazee kwa ajili ya kiharusi vinawapunguzia pia hatari ya kupotewa na akili, bila kuongeza kidonge hata kimoja. Na walioifanya kazi hiyo ni watumishi wa ngazi ya tabibu na muuguzi wa zahanati zetu. Ndiyo maana naiandikia halmashauri kabla ya kuiandikia hospitali ya rufaa ya kanda.

Hapa nchini takwimu nzuri zaidi kuhusu jambo hili hazikutoka kwetu, zilitoka Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Huko watafiti walipita nyumba kwa nyumba na kukuta kwamba miongoni mwa watu wa miaka 70 na zaidi, zaidi ya 6 katika kila 100 walikuwa na demensia. Katika wilaya hiyo hiyo, wazee wa umri huo wenye shinikizo la juu la damu walikuwa takriban 7 katika kila 10, na wale ambao presha yao ilikuwa imetibiwa hadi ikashuka walikuwa wachache mno. Ule utafiti mkubwa wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, uliotupatia ile namba maarufu kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha, ulipima watu wa miaka 25 hadi 64. Mzee wa miaka 70 hakuhesabiwa. Tumekuwa tukipanga dawa kwa kutumia namba iliyomwacha nje mgonjwa mwenyewe.

Sasa tuangalie safari ya mzee huyo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua na kumpa matibabu bila malipo. Halmashauri nyingi zimetoa vitambulisho, na hospitalini kuna dirisha la wazee na bango linalosema mzee kwanza. Nakiri kwamba hayo ni mafanikio. Niliajiriwa kabla hayajakuwepo na najua tofauti. Lakini kitambulisho hakimezwi. Mzee anatoka kijiji cha pembezoni, anateremka mlima na kupanda mwingine, anafika zahanati, anapimwa, anaambiwa namba iko juu, kisha anaambiwa dawa hakuna, aende kituo cha afya. Kituo cha afya wanampa vidonge vya siku kumi na nne au vya mwezi na kumwambia arudi. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi katika barabara zetu wakati wa masika inazidi mara kadhaa bei ya vidonge vyenyewe. Mwezi wa pili anarudi. Mwezi wa tatu mvua ni kubwa, au kuna msiba, au mahindi yanavunwa. Kwa kuwa presha haiumi, anaona amepona. Wengine huanza kumeza kidonge siku moja na kuruka siku inayofuata ili vifike mbali. Nimewaona wazee wanandoa wakigawana dozi ya mmoja kwa sababu mwenzake naye aliambiwa anayo.

Kinachofuata hakionekani kwa macho, na naomba hapa nivumiliwe nikieleze kwa urefu, kwa sababu nadhani ndipo penye fundo. Dawa huletwa kwa kufuata maoteo, yaani makadirio ya mahitaji. Maoteo hutokana na matumizi ya miezi iliyopita. Mzee aliyekosa dawa na asirudi hana matumizi. Katika vitabu vya zahanati ni kama hajawahi kuumwa. Kwa hiyo oda ya robo mwaka inayofuata inakuwa ndogo, dawa inakwisha mapema zaidi, wanaokosa wanaongezeka, na oda nyingine inapungua tena. Mwisho wa mwaka zahanati inaonekana haina wagonjwa wengi wa presha, na anayesoma taarifa mkoani anahitimisha kwamba mahitaji ni madogo. Hapo hakuna aliyeiba wala aliyelala kazini. Kila mmoja amefuata utaratibu, na utaratibu umemfuta mgonjwa. Mtalivunja fundo hili pale tu mtakapoagiza dawa kwa idadi ya wazee waliosajiliwa na kuthibitishwa kuwa na presha, si kwa idadi ya vidonge vilivyotoka kwenye rafu.

Je, tunajua kufanya hivyo? Tunajua, tena kuliko mikoa mingine mingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 kuhusu VVU uliiweka Njombe katika asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, viwango vya juu kabisa nchini. Msiba huo ulitufundisha kazi. Mikoa hii imejifunza kumpa mtu kidonge cha maisha yake yote na kuhakikisha anakimeza. Mgonjwa ana kadi, ana namba, ana tarehe. Asipofika, kuna mtu ambaye jukumu lake ni kupiga simu, na simu isipopatikana, kwenda kwake. Aliyetulia hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, ili asipoteze siku za kazi barabarani. Dawa huagizwa kwa idadi ya watu walio kwenye matibabu. Hakuna mganga mfawidhi anayethubutu kuandika kwamba dawa za ARV zimekwisha na akalala usingizi usiku huo. Kwa nini basi katika jengo hilo hilo, pengine mlango wa pili, muuguzi yule yule anamwambia bibi wa miaka 68 akanunue dawa ya presha mjini?

Najua jibu ambalo hutolewa: ARV zilikuja na fedha za wafadhili. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba dawa za presha ninazozizungumzia ni za zamani, hazina hakimiliki, na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu zilizomo katika orodha ya dawa muhimu ya taifa. Kilichokuwa ghali katika mapambano ya VVU kilikuwa ni kuujenga mfumo: kadi, rejista, ufuatiliaji, mafunzo. Mfumo huo upo na umeshalipiwa. Aidha, wagonjwa wenyewe wameanza kuwa wale wale. Walioanza ARV wakiwa vijana miaka ishirini iliyopita sasa wana miaka hamsini na sitini, na wanapata presha kama watu wengine wa rika lao. Utafiti wa INTE-AFRICA, uliofanyika katika vituo 32 vya Tanzania na Uganda na kuchapishwa mwaka 2023, ulijaribu kuwahudumia wagonjwa wa VVU, kisukari na presha katika kliniki moja, kwa foleni moja na watumishi wale wale. Hofu ilikuwa kwamba huduma ya VVU ingeharibika. Haikuharibika, virusi viliendelea kufubazwa kwa kiwango kile kile, na wagonjwa wa presha walibaki katika huduma. Faida nyingine niliyoijua nikiwa kazini ni kwamba foleni ikichanganyika, hakuna jirani anayeweza kukaa barazani na kuhesabu nani ana nini.

Kuhusu fedha, naomba nitaje vyanzo vilivyopo badala ya kuomba vipya. Tangu fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilipoanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, kila zahanati ina bajeti yake na kamati yake ya kusimamia kituo. Kipima presha cha kielektroniki kilichothibitishwa ubora wake, chenye vitambaa vya mkono vya saizi mbili, si kitu cha kushinda bajeti hiyo. Betri zake pia, maana nimeona mashine nzima zikikaa kabatini kwa kukosa betri. Pale ambapo Bohari ya Dawa inaposema bidhaa haipo, mfumo wa Mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuviuzia vituo dawa ambazo Bohari haina, upo kwa ajili hiyo hasa, lakini zahanati nyingi huutumia kwa dawa za malaria na viuavijasumu na kuiacha dawa ya presha isubiri. Na sasa kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatekelezwa hatua kwa hatua, ni vyema wazee wenye msamaha wa malipo wawe na rejista safi mapema, ili zamu yao itakapofika wasiambiwe majina yao hayaonekani.

Upimaji wenyewe unahitaji maneno machache, kwa sababu dawa ikitolewa kwa kipimo kibaya tunamdhuru mtu. Wilaya zetu ni za baridi. Mwezi wa sita na wa saba mzee wa Makete au wa Mufindi huja amevaa shati, sweta, koti na amejifunga kitenge juu yake, na muuguzi mwenye foleni ya watu arobaini humfunga kitambaa cha mashine juu ya sweta. Namba inayotoka hapo si ya kuaminika. Mkono uwe wazi. Mtu aliyepanda mlima kufika zahanati apumzike kwenye benchi dakika tano kabla ya kupimwa, miguu ikiwa sakafuni, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, bila kuzungumza, na apimwe mara mbili. Isitoshe, asiandikishwe kuwa mgonjwa kwa kipimo cha siku moja isipokuwa namba ziko juu mno.

Liko pia jambo la tahadhari ambalo wapenda kampeni huliruka. Wazee hawalingani. Utafiti wa HYVET wa mwaka 2008, uliofanywa kwa watu wa miaka 80 na zaidi, ulionyesha kwamba kutibu presha hata katika umri huo hupunguza vifo na kiharusi, lakini lengo lao lilikuwa 150 kwa 80, si 120, na kwa upande wa demensia pekee faida haikuthibitika. Mzee aliyedhoofika, anayeona kizunguzungu akisimama, hapaswi kuongezewa vidonge kwa haraka ili taarifa ya robo mwaka ipendeze. Apimwe akiwa amekaa na tena akiwa amesimama, na ikiwa presha inaporomoka anaposimama, dawa ipunguzwe. Akianguka kwenye mteremko akavunja nyonga, hatutakuwa tumemsaidia ubongo wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka lengo la chini ya 140/90 kwa wagonjwa wengi, na unaruhusu wahudumu wasio madaktari kutoa matibabu haya wakiwa wamefundishwa na kusimamiwa. Kwa zahanati zetu hilo ni lengo zuri la kuanzia. Tukiwafikisha wazee wengi hapo tutakuwa tumefanya zaidi ya kubishana kuhusu 130 au 120.

Nimewataja wenye miaka 60 na kuendelea kwa sababu ndio sera inawapa haki ya bure. Lakini ushahidi mzito zaidi kuhusu demensia unaihusu presha ya umri wa kati, kati ya miaka 40 na 65, ile ambayo madhara yake huonekana miaka ishirini baadaye. Wakulima wa chai, wapasua mbao na wauza viazi wa umri huo hawaji zahanati mpaka waumwe. Wapimwe wanapokuja kwa jambo lolote lile, na wapimwe wanapomleta mtoto au kumsindikiza mzee. Sijaona sababu ya kuwaundia mradi.

Kuhusu ufuatiliaji wa nyumbani, serikali ilizindua mwanzoni mwa mwaka 2024 mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Hao ndio wenye kufaa kazi hii. Wapewe vipima presha. Wafundishwe pia kipimo kifupi cha kumbukumbu kilichotengenezwa Hai mahususi kwa wazee ambao wengi hawakusoma: mgonjwa hupewa maneno ya kukumbuka, huulizwa maswali machache na huombwa kupanga njiti za kibiriti kwa kufuata mfano. Hakihitaji kalamu wala kujua kusoma, na njiti zinapatikana katika kila duka la kijiji. Mhudumu anayemkuta mzee ameanza kusahau aijulishe zahanati, na familia ielezwe kwa lugha ya kawaida kwamba huu ni ugonjwa. Kwa baadhi ya kina mama wazee, maelezo hayo yakitolewa mapema mbele ya mwenyekiti wa kitongoji yanaweza kuwa kinga kubwa kuliko kidonge.

Kitu ambacho siombi ni siku nyingine ya maadhimisho. Wazee wetu wamepimwa presha viwanjani mara nyingi, chini ya turubai, katika Siku ya Shinikizo la Damu na Siku ya Wazee Duniani, wakaambiwa, "Mzee, presha yako iko juu, nenda hospitali," kisha turubai likakunjwa. Kumwambia mtu ana presha bila kumpa dawa ni kumwongezea wasiwasi tu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yaingizwe katika mipango kabambe ya afya ya halmashauri kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai ijayo. Kila zahanati ifungue rejista ya wazee wenye presha, jina, kitongoji, namba ya simu ya mtoto au jirani, tarehe ya kurudi. Maoteo ya dawa yatokane na rejista hiyo, na Mganga Mkuu wa Wilaya ayakatae yasiyotokana nayo. Aliyetulia kwa vipimo viwili mfululizo apewe dawa za miezi mitatu. Zahanati zilizo karibu na kliniki ya VVU zitumie utaratibu wake wa kuwatafuta wasiofika. Na katika taarifa ya robo mwaka inayosomwa mbele ya Baraza la Madiwani, iongezwe mistari miwili: wazee wangapi wako kwenye rejista, na wangapi kati yao presha yao imeshuka chini ya 140/90. Idadi ya waliopimwa msiitake, kwa kuwa ni namba rahisi kuipamba.

Halmashauri ambayo haiko tayari kuanza na zahanati zote ianze na kata moja iliyo mbali na lami, si ile iliyo jirani na makao makuu ya wilaya. Majibu ya barua hii yakiwepo, naomba yabandikwe kwenye mbao za matangazo za zahanati na ofisi za vijiji, maana wazee wengi ninaowasemea hawana barua pepe, na wengine wanasubiri kusomewa na wajukuu zao wakirudi shule.

Nawasilisha.

Muuguzi mstaafu,
Mafinga, Mufindi, Iringa.